Tuligawana P2 moja na mwenzangu wa chumba, sasa siku zangu hazijaja

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usiliweke. Nina miaka 21, nasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Morogoro, na nimepanga chumba Kihonda na msichana mwenzangu wa darasa moja. Kwetu ni Ifakara. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mama anauza mchele sokoni, na mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kwenye ukoo wetu. Wajomba wakipiga simu hawaniiti jina, wananiita "msomi". Nakueleza haya ili uelewe kwa nini sina wa kumwambia.

Nina mpenzi, ana miaka 28, ana duka la vifaa vya simu mjini. Tuna mwaka na miezi miwili. Si mtu mbaya, Anti. Boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa ananisaidia kodi, na mwaka jana nilipolazwa na malaria ndiye aliyekaa kwenye benchi la hospitali mpaka kukakucha. Shida ni moja, kondomu hataki. Mwanzoni tulitumia, baadaye akaanza maneno ya huwezi kula pipi na ganda lake. Nikisisitiza ananuna siku mbili, simu hapokei. Basi nikamkubalia. Tukaelewana kwamba nitakuwa nameza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Kila tukikutana ananitumia elfu kumi na ya kutolea, chini anaandika "ya dawa".

Tangu Januari nimemeza mara sita kama sijasahau. Ya kwanza niliimeza saa kumi na mbili asubuhi, ilipofika saa nne nikiwa kwenye daladala nikatapika, hata hatujafika Msamvu. Kanga ya mama wa watu ikaharibika. Toka hapo siku zangu zimevurugika, mwezi huu zinawahi, mwezi ujao zinachelewa.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi uliopita niliingia kwenye siku zangu tarehe 2. Jumamosi tarehe 14 nikalala kwake. Jumapili nikaenda duka la dawa la jirani, nikakuta watu wamejaa, nikanunua Panadol nikarudi. Yule dada muuzaji ana sauti, kuna siku alishaniuliza mbele za watu, "Wewe si juzi tu ulichukua P2?" Jumatatu jioni ndiyo nikateremka mjini kununua. Pakiti ilikuwa na vidonge viwili. Kurudi nikamkuta mwenzangu naye analia, yamemkuta kama yangu na hela hana. Akaniambia tugawane, kimoja kinatosha, cha pili huwa ni cha akiba. Nikameza kimoja, naye kimoja.

Jumatano tarehe 18 mpenzi wangu akapita, tukakutana tena. Sikununua nyingine kwa sababu nilijua ile ya Jumatatu bado iko mwilini. Tarehe 23 na 24 nikaona damu kidogo, rangi ya kahawia, pedi moja ilinitosha kutwa. Nikafurahi, nikajua ndizo zenyewe zimewahi. Lakini zile za kawaida nilizitegemea tarehe 30 na hazijaja. Leo ni tarehe 4. Matiti yananiuma.

Mwenzangu anasema ukimeza P2 zaidi ya mbili kwa mwaka zinaunguza kizazi. Wakati huohuo anasema nimeze nyingine mbili leo zisafishe, na zikishindwa kuna dada hapa mtaani anauza vidonge vya kuteremsha, au ninywe chai ya rangi yenye majani mengi. Na mimi naimba kwaya, Anti. Mwezi wa nne mhubiri mmoja alitufundisha vijana kwamba P2 ni kutoa mimba. Nilikaa kwenye kiti nikahesabu kwenye vidole, nikafika sita.

Nina mama mdogo hapa Morogoro, ni muuguzi kwenye kituo cha afya, na huko ndiko nilikokuwa naenda nikiumwa. Ananipenda, ila yeye na mama hawafichani hata bei ya nyanya. Nilishawaza kuweka kijiti cha uzazi wa mpango, nikaambiwa kinapotea mwilini, halafu mama yangu akinikumbatia huwa ananishika mikono yote miwili. Mpenzi sijamwambia. Mwezi wa tano nilimuuliza lini atapeleka barua kwetu, akacheka. Nikimwambia siku zimechelewa atasema nimemtega.

Nikiwa nayo chuo watanifukuza? Kizazi changu kimeharibika? Nimeze nyingine? Nimwambie nani kwanza? Nisaidie Anti, usinitukane.

Msomi wa Ifakara

*

Marahaba mwanangu.

Matusi hapa hayapo. Barua yako niliipata siku mbili baada ya kuiandika, nikakutumia mistari minne ya haraka kuhusu kipimo, maana hayo hayangoji zamu ya safu. Haya ya leo ndiyo niliyotaka kukuambia kwa utulivu, na nimeomba ruhusa yako kuyachapa kwa sababu wasichana wanaogawana vidonge vyumbani ni wengi kuliko unavyodhani.

Nimeisoma barua mara tatu. Umefunga mambo matano kwenye kanga moja: hofu ya mimba, hofu ya kizazi, hofu ya dhambi, hofu ya mama na hofu ya mwanaume kununa. Ukiyabeba yote kwa pamoja lazima yakuelemee. Acha niifungue kanga, nianze na yale yenye majibu.

Kidonge chenyewe. Ndani yake mna homoni iitwayo levonojestreli. Kazi yake kubwa ni kulichelewesha yai lisitoke. Mbegu za kiume zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikilisubiri yai. P2 inafanya yai lisitokee kwenye miadi. Ikiwa yai limeshatoka, kidonge kimechelewa. Na ikiwa mimba imeshatunga, P2 haiwezi kuitoa wala haimdhuru mtoto. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliiweki kwenye hesabu ya kutoa mimba. Kwa hiyo vile vidole sita, mwanangu, vikunje. Kama una la kuzungumza na Mungu wako au mchungaji wako kuhusu kulala na mwanaume kabla ya ndoa, hayo ni yenu na mimi siyaingilii. Ila usiende kutubu jambo ambalo hukulifanya.

Kizazi hakijaungua. Maneno hayo nimeyasikia tangu nilipokuwa natoa huduma ya uzazi wa mpango, na kila mwaka idadi inabadilika: mara mbili kwa mwaka, mara tatu maishani, mara moja tu kabla ya kuzaa. Hakuna hesabu ya namna hiyo. Ukirudia P2, hata ndani ya mwezi mmoja, haikuletei utasa. Inachofanya ndicho ulichokiona: siku zinawahi, zinachelewa, damu inachungulia katikati ya mwezi, kichwa kinauma, tumbo linachafuka. Mtu akiona siku zake zimepotea njia, anadhani kizazi kimekufa. Uvumi umezaliwa hapo.

Na yule muuzaji mwenye sauti alikosea. Sitamsema sana. Nami nilikuwa na sauti. Kuna msichana mmoja nilimuuliza umri kwa nguvu mbele ya foleni, akageuka akaondoka, sikumwona tena. Wewe ulinunua Panadol kwa sababu ya sauti ya mtu, na kwa sauti hiyo ukapoteza siku nzima, wakati dawa hii inafanya kazi vizuri zaidi kila saa unayoiwahi. Ndani ya saa 72 ndiyo nzuri. Inaweza kusaidia hadi siku ya tano, ila nguvu yake inazidi kupungua. Siku nyingine andika jina la dawa kwenye karatasi, mpe muuzaji bila kusema neno. Wengi hufanya hivyo.

Sasa sehemu ngumu kidogo, nayo nitaisema taratibu. Pakiti yenye vidonge viwili, kila kimoja ni miligramu 0.75. Dozi ni miligramu 1.5, yaani vyote viwili. Zamani tulielekeza kimoja sasa, cha pili baada ya saa 12, na pengine hapo ndipo mwenzako alipopata wazo kwamba cha pili ni cha akiba. Siku hizi vinamezwa vyote kwa mara moja. Zipo pia pakiti zenye kidonge kimoja tu, hicho kinabeba miligramu 1.5 peke yake. Nyinyi mligawana dozi ya mtu mmoja, kila mmoja akapata nusu. Mlifanya kwa huruma, na nimeguswa, maana ungeweza kumwambia ahangaike mwenyewe. Lakini nusu ile hatuwezi kuitegemea.

La pili ni Jumatano. P2 inaangalia nyuma. Inashughulika na yaliyotokea kabla ya kuimeza. Kwa kuwa imelisogeza yai mbele, yai hilo linaweza kutoka siku chache baadaye, na ukikutana na mwanaume katikati hapo bila kinga, unalikuta mlangoni. Ile ya Jumatatu, hata kama ingekuwa dozi kamili, haikuwa na ulinzi wa Jumatano.

La tatu, damu ya tarehe 23. Matone ya kahawia siku chache baada ya P2 ni kitu cha kawaida na si lazima yawe siku zako. Hayathibitishi kwamba uko salama, wala hayathibitishi kinyume chake. Kutapika kwenye daladala kusikusumbue: ukitapika ndani ya saa mbili tangu umeze, unarudia dozi; wewe zilikuwa zimepita nne, dawa ilikuwa imeshaingia. (Pole kwa yule mama na kanga yake.)

Sijasema una mimba. P2 yenyewe inaweza kuzichelewesha siku hadi wiki nzima, na matiti kuuma ni tabia yake pia. Mimi na wewe na mwenzako tunaweza kukaa hapa tunabashiri mpaka kesho. Kipimo cha mkojo cha duka la dawa kinajibu ndani ya dakika tano. Ukipima wiki tatu baada ya tendo, jibu ni la kuaminika. Kwa Jumamosi tarehe 14, wiki tatu zinatimia tarehe 5. Kwa Jumatano tarehe 18, zinatimia tarehe 9. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba hata ukiona mstari mmoja, yaani hakuna mimba, mapema, urudie tarehe 9 au baada ya hapo. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, na soma karatasi ya maelekezo kabla hujafungua kifuko, usisome huku mkono unatetemeka.

Kumeza P2 nyingine mbili sasa ni kutupa hela. Siku tano za tarehe 18 zilishapita, hakuna yai la kuchelewesha. Chai ya majani mengi itakupa mapigo ya moyo na usiku usio na usingizi, basi. Kuhusu vidonge vya yule dada wa mtaani, nakuomba usikilize hapa. Hujui ni dawa gani, kipimo gani, imekaa wapi. Ukitokwa na damu nyingi usiku wa manane, yeye hatakuwepo. Sheria yetu pia hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, kwa hiyo vitu hivi huuzwa gizani na madhara yake hubaki na aliyevimeza. Na kama anayenisoma ameshameza, analowesha pedi mbili kwa saa moja au ana homa, aende hospitali sasa hivi. Kumtibu mwanamke ambaye mimba imeharibika ni kazi halali ya hospitali, hata iwe imeharibika kwa namna gani.

Kuna jambo hukulitaja. Barua ndefu namna hii, kila mstari una mimba, na neno VVU halimo hata mara moja. Mwanangu, P2 haizuii VVU, kaswende wala kisonono. Umesema mko pamoja mwaka na miezi miwili, na huenda mnaaminiana. Lakini mmewahi kupima pamoja? Dawa za kujikinga baada ya kuhofia maambukizi zipo, huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28; kwa tarehe 18 muda wake umepita. Kupima bado kupo, na kurudia baada ya miezi mitatu. Ukienda kupima mimba, unaweza kumaliza yote mawili safari moja.

Nimehesabu: mara sita ndani ya miezi sita. Dharura inayokuja kila mwezi na kutumiwa hela na ya kutolea imekuwa ratiba, na kwa ratiba zipo njia zinazofanya kazi vizuri kuliko P2. Sindano ni ya miezi mitatu, haiachi alama ambayo mama ataigusa, ila ukiiacha uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa. Vidonge vya kila siku vinataka mtu asiyesahau, na chumba cha wawili hakina siri ya droo. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, kinakaa miaka hadi kumi, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo ndicho kinga ya dharura yenye nguvu kuliko zote, kuliko hata P2. Kijiti hakipotei. Hukaa chini ya ngozi ya mkono palepale kilipowekwa, miaka mitatu au mitano kutegemea aina, na ukipapasa unakigusa. Kwa hiyo hofu yako kwamba mama anaweza kukigusa ina msingi kuliko ile ya kupotea. Hukaa upande wa ndani wa mkono wa juu. Wewe ndiye unayejua mama yako hukushika wapi. Kijiti nacho kinavuruga siku, lazima nikuambie, na wengine hawawezi kuvumilia. Katika vituo vya serikali huduma hizi ni bure.

Ukifika huko, taja dawa zote unazotumia. Dawa za kifafa, rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za VVU hupunguza nguvu ya P2 na ya baadhi ya njia nyingine.

Unasema kituo unachokijua ni kile cha mama mdogo. Nami nauliza, umekijua kwa sababu ndicho cha pekee, au kwa sababu ndicho ulichozoea? Morogoro ina vituo vingi, na uliza kipi kina huduma rafiki kwa vijana. Huko hawakuulizi mume yuko wapi. Hiyo ni njia moja. Faida yake ni siri, hasara yake ni kwamba utarudi chumbani peke yako na majibu mkononi. Njia nyingine ni mama mdogo mwenyewe. Unahofia mdomo wake, na unamjua kuliko mimi. Lakini muuguzi anafunzwa kutunza siri za wagonjwa, na kuna tofauti kati ya bei ya nyanya na maisha ya mtoto wa dada. Unaweza kumjaribu kwa jambo dogo kwanza: mwambie unataka kuuliza habari za uzazi wa mpango na hutaki yafike Ifakara, uone atajibu nini usoni. Ukikuta hana kifua, hujapoteza kitu kikubwa. Hatari ipo, siifichi. Akina mama wadogo wengine wakiogopa, hupiga simu kabla hujafika nyumbani.

Tuje kwa mpenzi. Sitakuambia umwache wala ukae naye. Mtu aliyekesha kwenye benchi la hospitali ana wema ndani yake, na sina haki ya kuufuta kwa kalamu. Ila soma tena ulivyoandika. "Nikisisitiza ananuna." "Basi nikamkubalia." "Tukaelewana." Hapo katikati kuna maelewano gani, au kuna mmoja aliyenuna na mwingine aliyechoka? Yeye analipa elfu kumi na hapo deni lake limekwisha. Kutapika, kuhesabu tarehe, kugeukiwa na watu dukani, kuhesabu vidole kanisani, hayo hayana ya kutolea. Je, anayajua? Nina wasiwasi kwamba hajawahi kuambiwa, kwa sababu umekuwa ukiyabeba vizuri mno. Huenda akiyasikia mchana, mmekaa dukani kwake na chai, atakuwa mtu mwingine. Huenda akasema twende wote kituoni. Na huenda akanuna wiki nzima. Basi utakuwa umejifunza jambo kumhusu ambalo ulihitaji kulijua kabla ya barua ya posa.

Kuhusu kumtega. Mtu wa kutega hanunui P2 mara sita. Lakini kodi anayokusaidia inakufanya uogope kumkasirisha, na hilo nalielewa kabisa. Kabla hujazungumza naye, piga hesabu na mwenzako: boom likichelewa mwezi mmoja, bila yeye, mnaweza kukaa? Kwa baba mwenye nyumba mnaweza kuomba muda? Ukijua jibu utaongea naye ukiwa umesimama vizuri zaidi.

Na kipimo kikionyesha mistari miwili? Chuo si sekondari. Hofu ya kufukuzwa nadhani umeibeba kutoka shule, enzi za wasichana kupangwa mstari na kupimwa, na mwenye tumbo kurudishwa kwao asirudi tena. Hata huko mlango ulifunguliwa Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba aliyejifungua anaweza kurudi darasani. Chuoni wapo wanaoahirisha mwaka na wapo wanaofanya mitihani tumbo likiwa mbele. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi itakueleza utaratibu wenu. Kituo cha afya ndicho cha kwanza, hata kabla ya kumwambia mtu, ili uanze kliniki mapema. Mama Ifakara atalia, wajomba watasema. Mimi nimeona mama wauza mchele wakilia wiki moja, ya pili wakaanza kuuliza mtoto atazaliwa lini. Nimeona pia waliochukua muda mrefu zaidi. Siwezi kukuahidi wa kwako yupo upande gani, lakini si lazima uende kwake peke yako. Kama mama mdogo amethibitisha kifua chake, ndiye wa kutangulia.

Ukiona mstari mmoja tarehe 9, usichome barua hii. Wiki hiyohiyo, kabla ya kutumiwa "ya dawa" nyingine, nenda kaulize njia unayoiona inakufaa. Kwa sasa kondomu, na kama pipi haiwezi kuliwa na ganda lake, basi isiliwe kwanza.

Mwisho, mwenzako wa chumba. Umeandika kuhusu ushauri wake kwa mistari mingi lakini hukusema siku zake zimekuja au la. Alilia siku ileile, akameza nusu ileile. Anakupa maneno ya chai na ya kusafisha kwa ujasiri, nami nahisi anajisemesha mwenyewe. Nunueni vipimo viwili.